Siku ya Tatu Mpe Jembe

Maneno haya niliyasema Jumamosi iliyopita mbele ya wenzetu wenye bustani, hapa magharibi mwa Melbourne. Wengi mlikuwa kazini, wengine mmelala baada ya zamu ya usiku, mkaniomba niyaandike. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, shikamooni. Wa Bukavu na Uvira, jambo yenu. Wa Bujumbura, amahoro. Na nyinyi watoto mlioletwa hapa kwa kuburutwa, marahaba, ingawa hamjaniamkia.

Nimepewa dakika ishirini. Mwenyekiti ananijua, ndiyo maana ameweka saa hapa mbele yangu.

Kabla sijaanza, nipige hodi. Ardhi hii tuliyoketi ina wenyewe: Wurundjeri na Bunurong, watu wa Kulin. Mikutano ya hapa huanza kwa kuwataja, na wengi wetu tunalichukulia jambo hilo kama tangazo la kuzima simu. Mimi ni mtu wa Muheza. Kwetu huingii uani kwa mtu bila hodi, na ukipiga mara tatu kimya, unarudi ulikotoka. Basi naitamka kwa lugha yangu: hodi.

Sasa niwaulize. Wahenga walisema mgeni siku mbili, halafu? Eeh, hata watoto wanajua: siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilitua hapa Januari 2011, joto linachoma kama tanuri la mkate. Siku yangu ya tatu imeshapita zamani. Na yako je? Jembe tunalo, wala hatukulala. Tembea nyuma ya nyumba zetu uone: mchicha, ambao ndugu zetu wa Kongo wanauita lengalenga, matembele, mnavu, maboga tuliyoyapanda kwa ajili ya majani yake. Muhogo tuliupanda, baridi ya Julai ikaua. Tukaupanda tena, ikaua tena. Na kuna mtu humu ndani, simtaji, mwaka huu anaujaribu mara ya tano.

(Hapo walicheka, na mtu mwenyewe akajitaja.)

Sina ubaya na muhogo. Ninachosema ni kwamba mwenyeji anapokupa jembe, hulimi cha kwenu peke yake. Unamuuliza: hapa panaota nini? Nani kati yetu ameuliza? Mimi sikuuliza kwa miaka minne mizima.

Leo nimekuja na mmea mmoja. Mmoja tu, huu hapa ndani ya ndoo. Mnaufahamu. Kila siku mnaupita pale kituo cha treni, kwenye maegesho ya supamaketi, kwenye mizunguko ya barabara. Majani marefu kama panga jembamba, yamesimama kwa kichaka hadi magotini. Mnadhani ni nyasi. Si nyasi. Jina lake la kitaalamu ni Dianella, nasi tuuite dianela. Wataalamu wa Ulaya waliupa jina la Diana, mungu wa kike wa uwindaji wa Warumi wa kale, kwa kuwa wanaishi wote msituni. Watu wa hapa kwa Kiingereza wanauita yungiyungi la kitani. Sasa, si yungiyungi, na kitani haitoki humo. Ukiusaka ukoo wake utashangaa: uko jamaa moja na mshubiri, huu huu tuliopakwa kwenye matiti ya mama zetu ili tuache kunyonya. Nyumbani kwangu tunauita ukindu wa buluu. Kwa nini ukindu, nitafika huko.

Mama, pokea jani hili ulipitishe. Shikeni kila mmoja. Pitisha kidole pembeni taratibu. Umesikia? Kingo zimejikunja kwenda nyuma, kama pindo la kanga lililoshonwa. Huyo ndiye Dianella revoluta, na hilo revoluta maana yake ni hilohilo, iliyojikunja nyuma. Sasa pokeeni na hili la pili. Pana zaidi, na pembeni lina vimeno vidogo vinavyokwaruza. Huyo ni Dianella tasmanica. Wanafanana kama mtu na binamu yake, ila tabia mbalimbali kabisa. Kumbukeni hivyo vidole vyenu, tutavihitaji.

Jambo la kwanza. Mmea huu haupendi huruma.

Mwaka 2015 bibi jirani yangu, mjane, Mwaustralia wa miaka themanini na ushee, alinipitishia vikopo vitatu juu ya uzio. Nikafurahi, nikavipanda siku ileile, mwezi wa Desemba, jua la utosi. Na mimi nimelelewa na mama aliyekuwa akisema mmea ni mtoto. Basi nikaulea kama mtoto. Maji asubuhi, maji jioni. Samadi ya kuku, ndoo nzima. Siku ya joto la digrii arobaini nikatoka saa sita mchana na mpira wa maji, nikaunyeshea maskini wa Mungu.

Mnajua udongo wetu huku magharibi. Ni mfinyanzi mzito uliotokana na miamba ya volkano. Kiangazi unapasuka ufa wa kuingiza mkono, na ukiumwagia maji mengi unageuka uji usiopitisha hewa. Mimi nilikuwa napika uji kila siku. Majani yakarefuka, yakalegea, yakalala chini kama kitunguu cha majani cha juzi. Februari nikavuta moja likanifuata mkononi, chini limeoza, linanuka kama maji ya chombo cha maua kilichosahaulika. La pili hivyohivyo. La tatu sikulivuta, niliogopa.

Jirani alikuja akaangalia. Hakusema neno. Alichukua mpira wangu wa maji, akauviringisha polepole, akaenda kuutundika upande wake wa uzio. Kisha akaniletea vikopo vingine vitatu, ila safari hii ilikuwa Mei.

Ndugu zangu, kwa nini Mei? Kwa sababu hapa msimu wa kupanda vitu vya wenyeji ni pale jua linapoishiwa nguvu na mvua za baridi zinapoanza. Aprili na Mei ardhi bado ina joto la kiangazi chini yake, mizizi inatembea kimyakimya wakati wewe umejifunika blanketi. Kikija kiangazi, mmea umeshajua maji yaliko. Chimba shimo pana mara mbili ya kikopo, lakini kina kisizidi cha kikopo chenyewe. Udongo ukiwa mzito, changanya jasi kidogo na mboji. Acha nafasi ya nusu mita kati ya mche na mche. Tandaza vipande vya magome kina cha vidole vinne, lakini usiyasukume hadi shingoni mwa mmea, utaozesha pale pale. Kiangazi cha kwanza mwagilia mara moja kwa wiki, maji mengi kwa mkupuo mmoja. Kiangazi cha pili, ukiona ukame umezidi, mara moja kwa mwezi. Baada ya hapo kausha mkono wako. Watu wa hapa wamepita kwenye ukame ulioanza 1997 ukaisha 2009, mpaka wakakatazwa kumwagilia majani ya uwanjani, na mimea kama hii ikabaki imesimama.

Samadi ya kuku peleka kwenye mchicha.

Na wapi pa kupanda? Hapa vile vidole vyenu vinafanya kazi. Mwenye kingo zilizojikunja, revoluta, mpeleke juani, pakavu, hata kwenye ule ukanda mbaya kando ya njia ya gari ambako kila kitu kimekufa. Anastahimili na asubuhi za umande ulioganda. Mwenye vimeno, tasmanica, ni mtu wa misitu yenye unyevu, anataka kivuli. Kivuli kiko wapi? Sisi tumezaliwa karibu na mstari wa ikweta, jua linatupita juu ya utosi, miezi hii limeinamia huku, miezi ile kule. Hapa jua la mchana liko kaskazini mwaka mzima. Kwa hiyo upande wa kusini wa nyumba ndio wenye kivuli na ubaridi. Mpande huko tasmanica, chini ya dirisha la bafuni, atakushukuru. Na kwa ndugu zetu mnaotusikiliza kwa simu kutoka Brisbane, nyinyi mna wa tatu, Dianella caerulea, ambaye pwani ya mashariki ndiyo kwao.

Jambo la pili, na hili ndilo lililonifanya niukubali mmea huu kwa moyo. Nyuki.

Nani hapa hulima nyanya? Naona mikono yote. Nani huona maua ya nyanya yakidondoka bila tunda? Naona mikono ileile. Mimi nilikuwa nanung'unika hivyo kwa jirani, akaingia ndani akatoka na mswaki wa umeme. Akauwasha, akagusisha shina la ua la nyanya, vrrrr, unga wa njano ukamwagika. Nikamwangalia usoni kuona kama uzee umemfika.

Kumbe ndivyo lilivyoumbwa ua la nyanya. Chavua yake, ule unga wa njano, imefungiwa ndani ya vijifuko vyenye tundu dogo nchani, mfano wa kikopo cha chumvi. Bila kutikiswa haimwagiki. Nyanya ya nje inapata msaada wa upepo, haina shida sana, lakini kama pana kitu cha kuitikisa vizuri, matunda yanajaa. Biringanya ni hivyohivyo, na mnavu wetu pia. Na ua la dianela, angalieni hapa, nimelileta moja kwenye chupa: petali sita za buluu zimejikunja nyuma, katikati stameni sita, yaani vile vibeba chavua, za njano, zimenenepa kama vidole vya mtoto. Nchani, tundu. Chumvi ile ile.

Nyuki wa asali, huyu aliyeletwa na Wazungu, hajui kutikisa. Anazunguka ua, anakwama, anaondoka. Anayejua ni nyuki wa hapahapa, mwenye mistari ya buluu tumboni inayong'aa kama kitambaa cha satini. Analikumbatia ua, anatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, na kichwa chake kinaligonga ua takriban mara 350 kwa sekunde. Watafiti wa hapa wamempima. Mara 350! Sisi tukitikisa kichwa mara tatu kwenye taarab tunatafuta panadoli.

Haishi kwenye mzinga nyuki huyu. Kila jike ana kitundu chake, amekichimba mwenyewe kwenye udongo mkavu au kwenye matofali ya udongo. Dume hana nyumba. Jioni madume hujikusanya kwenye kijiti kikavu, wamekiuma kwa meno, wanalala wakining'inia mstari mmoja. Nimewaona mara moja, saa moja jioni, wanane kwenye kikonyo kimoja. Nilimwita mume wangu aje aone wanaume wasio na makazi.

Basi tangu dianela zangu zianze kutoa maua, wanakuja. Maua yanaanza masika ya hapa, yaani Septemba kuendelea, hayafunguki yote kwa pamoja, leo haya, kesho yale, mpaka Desemba. Na nyuki akishaijua njia ya uani kwako, hawezi kuiona nyanya akaipita. Je, si faida hiyo? Ukanda mmoja wa dianela kando ya matuta yako ya mboga. Sikuambii ung'oe mboga. Kando tu.

Jambo la tatu ni majani na matunda, na hapa naomba wazazi mnisikilize vizuri.

Maua yakipita yanakuja matunda, kiangazi, yananing'inia kwenye vikonyo vyembamba. Rangi yake, jamani! Si zambarau, si buluu, imekaa katikati inang'aa kama shanga. Ndani mna mbegu ndogo nyeusi tititi. Mtoto yeyote akiliona ataliweka mdomoni. Wenyeji wa nchi hii wamekula matunda ya aina kadhaa za dianela tangu enzi na enzi. Lakini wao wanajua ipi ni ipi, kwa elimu ya vizazi. Ndugu yake mmoja, Dianella ensifolia, anayeota kutoka Asia hadi Madagaska na Zimbabwe, kule Asia ya Kusini-Mashariki ametumika kuulia panya. Umeelewa tofauti? Ukoo mmoja, mmoja chakula, mwingine sumu. Kwa hiyo kwangu sheria ni fupi: matunda ni ya ndege na mijusi. Kuna mjusi mnene mwenye ulimi wa buluu, mnamjua, aliyemfanya shemeji yangu aruke juu ya meza. Hana sumu. Analala chini ya kichaka cha dianela, anakula matunda yaliyodondoka na konokono wanaokula mchicha wako. Mwacheni.

Majani sasa. Wenyeji walisokota nyuzi zake kuwa kamba na kusuka vikapu. Siku moja alikuja kwangu bibi mmoja wa kwetu, aliyeletwa na mwanawe kutoka Pemba kwa miezi mitatu, hajui Kiingereza, ndani amechoka na televisheni. Akatoka uani. Nilipomfuata na chai nikamkuta ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, amekusanya majani makavu, ameyachana kwa ukucha, anasuka ukili. Hakuuliza mmea huu unaitwaje. Mikono ilijua. Akaniambia, "Hili gumu kidogo kuliko ukindu, ulilowekee usiku." Nikalilowekea usiku. Kesho yake ukili ulifika urefu wa mkono, upo nyumbani hadi leo, nimeutundika mlangoni. Ndiyo maana tunauita ukindu wa buluu.

Na yule jirani aliwafundisha wanangu kulikunja jani pale chini na kulipuliza, likatoa mluzi mkali. Akasema watoto wa zamani hapa waliambiwa unaita nyoka. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nani hapa hakuambiwa na bibi yake asipige mluzi usiku?

Sasa onyo moja, na linanihusu mimi. Nilipoupenda mmea huu nikasema, kwa nini ninunue? Si umejaa kandokando ya kijito? Nikaenda Jumapili na jembe na gunia. Nimeng'oa wa pili, nikasikia mtu nyuma yangu anakohoa. Wazee watatu, kofia pana, glavu mkononi. Watu wa kujitolea. Mimea niliyokuwa naing'oa waliipanda wenyewe wiki mbili nyuma. Hawakunipigia kelele. Mmoja aliniomba jembe, akairudisha ardhini mbele yangu, akaishindilia kwa kiatu. Nilitamani ule ufa wa udongo unimeze.

Baadaye wakanieleza. Nyanda za majani za huku kwetu, ambazo zamani zilianzia mjini zikaenda magharibi hadi mbali, zimebaki vipande tu. Kuna dianela mmoja mfupi, anayetambaa kama mkeka, Dianella amoena, ambaye sheria ya nchi nzima inamhesabu kuwa yuko hatarini kutoweka, na yupo hapa hapa Melbourne, kwenye viwanja vinavyojengwa nyumba. Wewe unaona nyasi, kumbe umesimama juu yake. Kwa hiyo, tafadhali, porini tusichimbe. Vitalu vya mimea ya asili vipo, miche midogo ya kwenye vikopo vyembamba ni dola chache, na ukikaa nayo miaka mitatu hutanunua tena maisha yako. Nitawaonyesha.

Mbegu msihangaike nazo. Zinaota zikijisikia, nyingine baada ya miezi, na wewe umeshakata tamaa umepanda bizari mahali pake. Njia ni kugawa. Sogeeni.

Hiki kichaka nimekichimbua asubuhi, kina miaka sita. Nimetikisa udongo. Ona chini: shina lake linatambaa ardhini kama tangawizi, na kila baada ya hatua limetoa feni ya majani. Tunatafuta sehemu yenye feni na mizizi yake. Kisu cha mkate, chenye meno, ndicho kizuri, panga linaponda. Sikilizeni. Kwaru, kwaru. Imekatika. Sasa majani nayapunguza nusu, bila huruma, kwa kuwa mizizi imepungua, haiwezi kuyanywesha yote. Ukiona katikati ya majani vidudu vyeupe kama pamba, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Hiki cha katikati kimezeeka, tunakitupa kwenye mboji. Na kichaka kilichobaki uani, kikichakaa, mwisho wa baridi kikate chote kibaki kimo cha shubiri moja. Kitachipua.

Mwenyekiti ananyanyua saa. Namaliza.

Hesabuni na mimi. Tisa, kumi, kumi na moja. Vipande kumi na moja, na sisi tuko arobaini na kitu, kwa hiyo wengine mtasubiri hadi nichimbue kile kingine mwezi ujao. Uza siuzi, ila mwenye mbegu za mnavu wa majani mapana asiondoke kabla hatujaonana. Magazeti haya hapa ya kufungia, yalowesheni kidogo. Mpande leo leo au kesho, msiache kwenye buti ya gari. Na cha kwanza, huyu mwenye mizizi mingi, mpeni yule wa muhogo.